Mwaka Maharagwe Yalipokataa Kuiva

Mwezi uliopita tulimzika Mama Zubeda, na kabla udongo haujakauka watu walikuwa wameketi uani kwake, mtaa wa Jericho, Nairobi, wakisimulia habari za jini langu. Nami nipo papo hapo, kwenye kiti cha plastiki, kikombe cha chai mkononi. Mama mmoja nisiyemjua, aliyevaa buibui jipya, akanigeukia akaanza kunieleza mimi mwenyewe: "Zamani hapo nyumba ya pili kulikuwa na bibi harusi, alitoka Mombasa na jini kwenye kopo. Alipolifungua likalia pfuu! Tangu siku hiyo nyumbani mle hakikuiva chakula." Nikamwuliza huyo bibi harusi aliishia wapi. "Walimfukuza," akasema, na akanyanyua kikombe chake akanywa kama mtu aliyemaliza kutoa ushahidi. Sasa niambie wewe. Nimefukuzwa, na huku tumegusana magoti. Mjukuu wangu Sharleen, aliyenisindikiza kutoka mtaa wa Fedha, akaniinamia sikioni: "Shosh, kumbe wewe ni noma hivyo?" Nikamwambia anyamaze, tuko msibani. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani roho ilikuwa ikinichemka. Mtu aliyejua ukweli wa jambo lile, ambaye angewakatiza kwa maneno mawili na kicheko, ndiye huyo tuliyetoka kumzika. Kwa hivyo nimeamua kuandika mwenyewe. Shule sikwenda sana, na mahali herufi zitakapopinda Sharleen atazinyoosha, lakini maneno asiguse.

Sitaanza na nilizaliwa wapi na baba alikuwa mtu wa namna gani, hayo hayana kazi hapa. Unalohitaji kujua ni kwamba nililelewa Changamwe, Mombasa, chini kabisa karibu na bahari, na kupika nilijifunza huko. Huko maharagwe uliyoyaloweka jioni unayateleka ukishaosha vyombo vya chai, unafua nguo zako, unaanika, unamsuka mtu nywele, na watoto wakirudi kula mchana unakuta yamepasuka yenyewe kwa ulaini. Hivyo ndivyo nilivyoyajua maharagwe. Sikuwa mpishi wa ajabu, ila hakuna aliyewahi kusukuma sahani yangu. Nikaolewa na Jafeti, kijana wa karakana ya reli, nikapandishwa treni na sanduku langu, na nikateremka Nairobi nikiwa na akili kwamba maharagwe ni maharagwe.

Tulipewa vyumba viwili Jericho, nyumba za kanisoli, yaani za baraza la jiji, na chumba kidogo cha jiko nyuma, ambacho watu wawili wakiingia lazima mmoja atoke kinyumenyume. Lakini sisi tulikuwa watatu. Kwao Jafeti, watu wa magharibi, bibi harusi hapewi jiko siku anayoingia. Anapika katika jiko la mama mkwe, mbele ya macho yake, mpaka mama mkwe mwenyewe aseme sasa msichana huyu ni wa nyumba, mpeni jiko lake. Nyumbani mashambani desturi hii ina nafasi yake. Jericho haikuwa na nafasi hata ya kugeuza ufagio, lakini mama mkwe wangu, Mama Respa, alifunga safari kutoka Mlima Elgon na mto wake wa kulalia na mwiko wake, akaja kukaa nasi ili isije ikasemwa kwamba mwanawe alioa bila utaratibu. Jiko la makaa lililokuwa pale jikoni lilikuwa lake. Langu, jipya, bado linanukia rangi, aliliweka juu ya kabati sebuleni na kulifunika kwa kitambaa cha kushonwa, kama vile watu wanavyofunika radio. Kila nilipopita na ndoo nililitazama. Kila nilipolitazama, yeye alinitazama mimi.

Kopo lenyewe ni hivi. Shangazi yangu alinipa mafuta ya nazi kwenye kopo la bati, na kwa sababu treni hutikisa, nilikandamiza kifuniko na kukizungushia nta ya mshumaa ili yasimwagike kwenye nguo zangu za harusi. Juma la kwanza Jericho nikataka kujipaka. Nilichokonoa nta kwa kijiko, nikainua ukingo wa kifuniko, na kopo likatoa pumzi. Pfuu! Kifuniko kikaruka, mafuta yakanirukia kifuani. Hilo tu. Lakini Mama Respa alikuwa kitini akichambua mboga, na pembeni yake mama mmoja wa kanisani, Mama Elizafani, mwanamke aliyekuwa na masikio hata mgongoni. Walitazamana. Mama Elizafani akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Hiyo ni kitu gani imetoka hapo, binti?" Nikasema ni mafuta. "Mafuta hayapumui," akasema. Na Mama Respa, ambaye bahari hakuwahi kuiona hata kwenye kalenda, akasema, "Pwani. Mimi nilijua. Pwani wana vitu vyao."

Hapo ndipo maharagwe yalipoanza kunitesa, na hadi leo nikikumbuka nataka kumrushia mtu mwiko. Niliyateleka nilivyozoea, baada ya vyombo vya chai. Mchana ukafika, nikabinya punje moja, ndani ngumu kama kokoto. Nikaongeza makaa. Sufuria ikachemka kwa kishindo, povu likafurika, kifuniko kikacheza, na maharagwe yakazunguka humo kama watu waliokwenda kuogelea, yakatoka vilevile. Nikabadilisha muuzaji, nikachukua rosekoko mpya badala ya ya zamani. Vilevile. Nikatia magadi, yakalainika maganda, yakanuka sabuni, na moyo wake ukabaki pale pale. Jafeti anarudi kutoka kazini, anaketi, anatafuna, unasikia meno yanavyofanya kazi kutoka chumba cha pili, anameza, anasema "Asante," anawasha radio. Mama yake naye anazitenga zile punje ngumu ukingoni mwa sahani, moja moja, kwa kidole, mstari mzima, halafu anausukuma mstari ule upande wangu.

Ingekuwa maharagwe peke yake ningesema ni maharagwe. Lakini nilianza kuona mambo mengine ambayo sikuyaelewa. Chai, kwa mfano. Changamwe, chai iliyotoka motoni ukiigusa kwa ulimi umekwisha, kesho huonji chumvi. Jericho, ninaona kwa macho yangu chai inatokota, namimina, na Jafeti anaipiga funda kubwa kama maji ya mtungi. Nikadhani ni ulimi wa wanaume wa reli. Nikajaribu wangu. Ilikuwa moto, ndiyo, lakini si ule moto. Nikamwambia Mama Respa, "Mama, maji ya hapa yanachemka lakini hayapati moto." Nilidhani nimesema jambo la maana. Akaweka kikombe chini. "Msichana wa wenyewe," akasema, "maji yakichemka yamepata moto. Kama hujui hata hilo, huko kwenu walikufundisha kupika au kuimba?" Na Jumatano iliyofuata akina mama wa kanisa wakaja kuiombea sufuria. Naapa. Waliiweka katikati ya sebule juu ya kigoda, wakashikana mikono, wakaimba. Mimi nimesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo, nikiona aibu kwa niaba ya sufuria.

Mama Zubeda alisikia kila kitu, kwa sababu ukuta wa jikoni kwetu ndio uliokuwa ukuta wa jikoni kwake na haukuwa ukuta wa kujivunia. Yeye alikuwa Mwislamu wa hapahapa Nairobi, mzaliwa wa Majengo, mpishi wa harusi, mwanamke mpana mwenye kicheko kinachotangulia miguu. Alinipata kwenye mfereji nikiteka maji, akanisalimia, halafu akasema, "Mwanangu, mimi majini nawajua. Nimekulia kati ya watu wanaowapunga. Lakini tangu nizaliwe sijasikia jini aliyetoka Mombasa mpaka Nairobi kwa treni aje kuketi kwenye maharagwe. Hana kwao?" Nilicheka mpaka ndoo ikafurika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka Jericho, na niliporudi nyumbani Mama Respa akaniuliza ninacheka na nani.

Kisha nikasikia lile ambalo halikuwa la kuchekwa. Nilikuwa jikoni nikimenya vitunguu, na Mama Elizafani alikuwa sebuleni, na mlango kati yetu ulikuwa pazia. Mama Respa alikuwa anasema, "Jumapili mkitoka ibada mje mle hapa, wote. Akiwapa kokoto tena, Jumatatu mimi na yeye tunapanda treni. Atakaa kwangu mlimani mpaka ajue." Mama Elizafani akauliza, "Na Jafeti?" "Jafeti atakula kibandani kama wanaume wengine. Ni mwaka, ni miwili, kwani nini? Mimi mwenyewe nilitolewa Busia, kule chini, nikaolewa mlimani, nilikuwa hivihivi. Chakula changu hakikuiva. Mama mkwe wangu akaninyoosha." "Alikunyoosha na nini?" "Na mwiko!" Wakacheka wote wawili. Mimi nikabaki na kisu hewani. Watu wa leo watasema, si uende tu, ukapumzike shambani. Mke aliyerudishwa mashambani mwaka wake wa kwanza, mume akibaki mjini na mshahara, unajua mwenyewe anayemkuta akirudi. Hilo jiko juu ya kabati lingeteremshwa, ndiyo, lakini na mwingine.

Nikamkabili Jafeti alipotoka kazini, kabla hajavua viatu. "Utaniacha nipelekwe?" Akatazama kamba za viatu. "Ni desturi," akasema. "Mama hakai sana na hasira." Mwanamume aliyeshinda siku nzima akipigana na mitambo ya mvuke mikubwa kama nyumba, lakini mbele ya mama yake hakuweza kuinua kijiko. Nilimwacha na kamba zake nikatoka nje.

Nilikwenda kwa Mama Zubeda. Alikuwa na sufuria ya biriani, na aliifunga kwa namna ambayo sikuwahi kuiona: alikanda unga na maji, akauvuta mrefu kama mshipi, akauzungusha mahali kifuniko kinapokutana na sufuria, akaubana kwa vidole, na juu ya kifuniko akaweka jiwe. "Hivi nikifunga," akasema, "hata nyama ya ng'ombe aliyeona wafalme wote inalainika. Sababu usiniulize, sina. Mama yangu alifanya, nami nafanya." Nikamwuliza, na maharagwe? Akaniangalia. "Maharagwe hakuna anayeyahangaikia hivyo. Lakini mvuke haujui kama humo kuna nyama au nini. Acha kitundu kimoja tu kwenye unga, kidogo kabisa, na kisizibe. Ukikisahau, hicho kifuniko kitakutafuta usoni." Akanipa jiwe lake lenyewe, jeusi, laini, limeungua upande mmoja.

Jumapili nikateleka mapema, maji nikiyatia ya kutosha kwa sababu kufungua nisingeweza. Nikakanda unga, nikaziba, nikaacha kitundu, nikaweka jiwe, nikaketi mbele ya jiko hilo kama askari wa lango. Mama Respa alikuwa ametangulia kanisani, na hilo lilikuwa bahati yangu. Jafeti alibaki nyumbani, akaanza kunyoa ndevu ibada ikikaribia kwisha. Maji yalipochemka, kitundu kikaanza kupumua, kwanza taratibu, halafu kikapata sauti yake, nyembamba, ndefu, fiii, haikati. Ilikuwa bado inalia ibada ilipotoka na wageni wakaingia.

Mama Elizafani aliisikia akiwa bado kizingitini. "Mnasikia?" akasema, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakagongana. "Ni lile la kopo. Limerudi!" Mmoja akaanza pambio. Mama Respa akapita katikati yao mpaka jikoni, akaona sufuria imefungwa kwa unga, jiwe juu, na sauti ikitoka. "Umelifungia humu," akaniambia. "Ndani ya chakula cha wanangu." Akachukua kisu ili aukate unga. Nami nikafanya kitu ambacho bibi harusi hafanyi. Nikasimama kati yake na jiko, nikanyoosha mikono. "Mama, usikate. Utaungua. Na yakifunguliwa sasa, yatakuwa kokoto tena." "Toka." "Sitoki." Chumba chenyewe kilikuwa kidogo hivyo, tulikuwa karibu tugusane pua. Pambio likakatika. Kilichobaki ni ile fiii.

"Mama, weka kisu chini." Ilikuwa sauti ya Jafeti. Amesimama penye pazia, shavu moja limenyolewa, la pili lina povu. "Hata wewe limekushika?" mama yake akamwuliza. "Hakuna kilichonishika. Hiyo ni hewa." "Hewa gani inalia?" Akajifuta povu kwa bega la shati, akaendelea. "Mama, hewa ina uzito. Inatulalia. Ukiwa Mombasa uko chini kabisa, hewa yote imerundikana juu yako kama magunia. Ukipanda kuja huku, magunia mengi umeyaacha chini. Yanayokandamiza maji ya sufuria ni machache, basi maji yanawahi kuchemka kabla hayajapata moto kamili. Ukiongeza makaa unaongeza kelele, moto wa maji unabaki uleule. Lakini ukiyafunga, mvuke unakosa pa kwenda, unakandamiza maji badala ya ile hewa, na maji yanashika moto zaidi. Hivyo ndivyo boila zetu zinavyofanya kazi. Na hilo kopo, alilifunga Mombasa na hewa ya Mombasa ndani, imebanwa. Alipolifungua huku, ikatoka. Basi."

Mimi ndiye niliyemjibu kwanza, na sikumjibu kwa shukrani. "Unajua haya tangu lini?" "Tangu nianze kazi." "Na ulikuwa unatafuna kokoto unasema asante? Sufuria imeombewa, Jafeti! Ulikuwa umekaa pale!" Akanijibu neno ambalo nimelibeba miaka yote ya ndoa yetu, na hata alipofariki nilikuwa bado sijalisamehe lote: "Hakuna aliyeniuliza." Kutoka upande wa pili wa ukuta tukasikia kicheko cha Mama Zubeda, kimemponyoka.

Lakini Mama Respa hakuwa anatusikiliza. Kisu kilikuwa bado mkononi, kimeelekea sakafuni. "Na mlimani?" akauliza polepole. "Mlimani ni juu kuliko hapa," Jafeti akasema. "Huko ni vibaya zaidi." "Na Busia?" "Busia ni chini, mama." Wanawake wa kanisa walikuwa wamejazana penye pazia. "Kwa hivyo," Mama Respa akasema, "yule mama alinipiga bure." Hakumwambia mtu yeyote hasa. Mama Elizafani akajivuta nyuma ya wenzake, maana naye alizicheka habari za mwiko. Mama Respa akaweka kisu juu ya meza, akavuta kigoda, akaketi kando ya jiko, akaisikiliza ile sauti. "Liacheni liimbe," akasema.

Tuliyafungua nilipoona muda unatosha na jiko limepoa. Yalikuwa yamepasuka yenyewe. Wakala, hata Mama Elizafani, ambaye alijiongezea mara ya pili bila kukaribishwa. Mama Respa alikula taratibu, na ukingo wa sahani yake ulibaki mweupe. Alipomaliza alipanda juu ya kigoda mwenyewe, uzee wote ule, akaondoa kitambaa, akaliteremsha jiko langu kutoka kabatini, akapuliza vumbi, akaliweka miguuni pangu. Kuna maneno ya kusema siku hiyo, marefu, ya baraka na mafunzo. Hakusema hata moja.

Kwa hivyo yule mama wa buibui na asikie: sikufukuzwa. Aliyeondoka ni Mama Respa, na aliondoka peke yake. Asubuhi ya safari alikuwa amefunga mto wake na mwiko wake, Jafeti ametangulia nje na mzigo, nami nikimshika mkono kushuka ngazi ya mlango. Akasimama. Akatazama huku na huku, kama mtu anayehofia Mama Elizafani yuko nyuma ya ukuta. Kisha akauliza, bila kunitazama, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya msichana aliyefika juzi:

"Huo unga. Unaukanda mgumu au laini?"

"Mgumu, mama," nikamwambia. "Na kitundu usisahau."